Kantangaze na Sanduku Lirudilo Tupu

Mnunuzi asimamaye mbele ya mafungu ya nyanya katika soko la Mlandege, mjini Iringa, aghalabu huanza kwa kuligeuza tunda na kulitazama pale lilipokuwa limeshikwa na kikonyo, kabla hajauliza bei. Kwani hapo, chini ya vijani vya kikonyo, ndipo adui alipozoea kuingilia, na kitundu kisichozidi ncha ya sindano, chenye chembe nyeusi za kinyesi ukingoni, humjulisha kuwa ndani ya nyanya hiyo iliyowiva na kung'aa yumo mlaji mwingine aliyemtangulia. Huirudisha katika fungu, akachukua nyingine, na muuzaji hanung'uniki, kwa kuwa yeye mwenyewe tangu alfajiri amekwisha kuzitenga nyingi za namna hiyo na kuzitupa kando. Wengi wetu tukaao mjini hudhani kuwa habari ya mdudu huyo ni ya mkulima na bomba lake la dawa huko katika mashamba ya Ilula, na kwamba sehemu yetu ni kuchagua na kulalamikia bei. Nia yangu ni kuonyesha kuwa sivyo: mdudu huyu hulelewa na soko kadiri alelewavyo na shamba, na maadamu tiba yake inatafutwa shambani peke yake, haitapatikana.

Wakulima wamembandika jina la kantangaze, na wataalamu humwita Tuta absoluta, ijapokuwa tangu mwaka 2021 wamemhamishia katika ukoo wa Phthorimaea, alimo ndugu yake nondo wa viazi. Ni nondo mdogo mno, wa rangi ya kijivu yenye mng'aro wa fedha na madoa meusi, urefu wake milimita sita au saba, ambaye mchana kutwa hujificha katikati ya majani na hutoka magharibi na alfajiri kutafuta mwenzi na mahali pa kutagia. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 260 katika aushi yake, moja moja, aghalabu chini ya jani changa. Na yai likianguliwa, baada ya siku nne au tano, hutoka kiwavi ambaye hakawii juu ya jani, bali hujipenyeza kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, akala nyama ya kijani iliyo katikati, akaziacha ngozi zote mbili zimesimama nyeupe, zinapitisha nuru. Awapo humo hapatwi na jua wala mvua, na dawa nyingi zinyunyizwazo juu ya jani humpita. Jani likikauka huhamia jingine, au huingia katika shina, au katika tunda. Akishiba hujiangusha udongoni, au hujikunja katika jani, au katika ufa wowote wa ubao ulio karibu naye, akajifungia humo mpaka atakapotoka mwenye mbawa. Mwendo wote huo humchukua siku 76 katika baridi ya nyuzi 14, na siku 24 tu katika joto la nyuzi 27. Kwa hiyo mkulima wa vilima vya Mufindi, ambako umande hukawia majanini, ana wasaa asiokuwa nao ndugu yake wa mabonde yashukayo kuelekea mto Ruaha, maana huko kwenye joto vizazi kumi hata kumi na viwili huweza kupishana ndani ya mwaka mmoja.

Nyanya na nondo huyu ni wenyeji wa nchi moja. Nyanya za mwituni huota katika milima ya Andes na katika pwani zake, Peru na Ecuador. Watu wa Mexico wakazilima hata zikawa kubwa, na Wahispania wakazivusha bahari katika karne ya 16, wakazipeleka Ulaya, nazo zikaendelea kutambaa duniani mpaka zikafika pwani yetu, ambako watu wa Unguja na Pemba huziita tungule, na kutoka huko na kwingineko zikapanda bara. Katika safari hiyo ndefu mmea ulisafiri kwa mbegu, na mbegu haimbebi nondo. Kwa muda wa karne nne, basi, nyanya ilistarehe katika nchi za watu kama mkimbizi aliyemwacha mdai wake kwao. Mdai mwenyewe hakuwa hata na jina la kitaalamu mpaka mwaka 1917, alipoelezwa na Edward Meyrick, mwalimu wa shule wa Uingereza aliyeandika habari za nondo wa aina maelfu, kutokana na mmoja aliyenaswa Huancayo, mji wa Peru ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari.

Kilichomtoa milimani ni biashara. Katika miaka ya 1960 alikwisha kuonekana Argentina, kisha akaenea karibu Amerika ya Kusini yote. Mwaka 2006 akaonekana Castellón, Hispania. Baada ya miaka miwili alikuwa Moroko, Aljeria na Tunisia. Mwaka 2010 Sudani, mwaka 2012 Ethiopia, na mwaka 2014 akatambuliwa kwetu, katika mashamba ya nyanya ya Ngarenanyuki, wilaya ya Arumeru. Miaka miwili baadaye serikali ya jimbo la Kaduna, nchini Nijeria, ilitangaza hali ya hatari kwa ajili yake, na kiwanda kikubwa cha kusindika nyanya kilichoko karibu na Kano kikasimama kwa kukosa cha kusindika. Nondo wa milimita saba havuki bahari ya Atlantiki kwa mbawa zake. Upepo waweza kumchukua kutoka shamba hadi shamba, na kutoka bonde hadi bonde. Lakini ile miruko mikubwa, ya kutoka bara hadi bara na kutoka mkoa hadi mkoa, hapana shaka aliiruka akiwa abiria, ndani ya tunda, au katika kikonyo, au katika ufa wa sanduku.

Itazame basi njia yetu wenyewe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita Ilula, na msafiri yeyote aliyewahi kusimama hapo amekwisha kuona jinsi nyanya zinavyopangwa kando ya njia na masanduku ya mbao yanavyopandishwa juu ya malori. Sehemu ya mazao ya wilaya ya Kilolo na ya Iringa hubaki hapa hapa, ikaliwa na masoko ya mji, Mlandege likiwamo, na viwanda vya kusindika kama Dabaga. Sehemu kubwa hushuka pwani. Sanduku ni mali ya mtu, halitupwi. Likishateremshwa mjini Dar es Salaam hurudi, na likirudi huwa tupu machoni pa dereva tu. Katika pembe za mbao zake, zilizolowa maji ya nyanya zilizopasuka na kushikwa na vijani vilivyokauka, ndimo kiwavi aliyekwisha kushiba hupata maskani mazuri ya kujigeuzia, na pindi sanduku litakapowekwa ukingoni mwa shamba la mkulima mwingine, ambaye pengine mwaka huo wote alikuwa salama, atatoka na kulikuta jani changa hatua mbili mbele yake. Mkulima huyo atasema kantangaze ameletwa na upepo.

Aonapo yale madirisha meupe majanini hushikwa na hofu, nayo ni hofu ya haki, kwa kuwa shamba lisilolindwa laweza kupotea lote. Na hofu hiyo humpeleka katika duka la pembejeo. Huko huuziwa dawa moja, na isipofaa huuziwa ya pili, hata akafikia kuchanganya tatu ndani ya bomba moja la mgongoni na kupiga mara mbili kwa juma, bila glavu wala kitambaa cha pua. Simlaumu, amekopa, na mwenye deni hana subira. Lakini hesabu ya dawa hiyo ni mbaya pande zote. Kiwavi aliye ndani ya jani aghalabu haguswi, ilhali nyigu wadogo na kunguni wa mimea walao mayai yake, ambao kazi yao huifanya juu ya jani, hufa wa kwanza. Na wale viwavi wachache wanusurikao ndio wazaao, wakazaa wenye kunusurika zaidi: huko Chile, Brazili na Argentina dawa za jamii ya organofosfati na pirethroidi, ambazo zamani zilimwangusha, zimepoteza nguvu, na hata nyingine mpya zilizokuja baadaye zimekwisha kushindwa katika baadhi ya mashamba ya Brazili na Italia. Si vibaya kukumbusha, kwa kupita tu, kuwa pirethroidi hizo zimeigizwa viwandani kutokana na sumu ya ua la pareto, ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumelilima miaka mingi na kulipeleka Mafinga kusindikwa. Tumeuza ua, tukanunua mwigo wake. Mlaji wa Mlandege naye hukutana na mwisho wa hesabu hiyo katika yale mabaki meupe yaliyoganda juu ya ngozi ya nyanya, ya dawa za kuvu na za wadudu pamoja, ambayo huyafuta kwa kanga na kumwachia Mungu yaliyosalia.

Ziko njia nyingine, nazo ni za kweli. Tangu mwaka 1995 kemia ya harufu ambayo jike huitoa kumwita dume inajulikana, na kipande kidogo cha mpira kilichotiwa harufu hiyo, kikining'inizwa juu ya beseni la maji yenye sabuni, huweza kunasa madume kwa mamia. Mkulima aonaye beseni limejaa hufurahi, na furaha yake ina kasoro mbili: dume mmoja aliyebaki huwatosha majike kadhaa, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa jike wa nondo huyu aweza kuzaa hata pasipo dume. Beseni, basi, ni mlinzi mwema wa kutoa habari kuwa adui amefika. Kumtaka afanye kazi ya jeshi zima ni kumwonea. Kuna na nyigu aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, ambaye hutaga yai lake ndani ya mwili wa kiwavi. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoko Nairobi, ilimleta mwaka 2017 kutoka Peru, nchi ile ile alikotoka nondo, ikamlea, na baadaye ikamwachia katika mashamba ya Kenya. Naitakia heri kazi hiyo kwa moyo wangu wote, lakini nyigu hawezi kuishi katika shamba linalopigwa sumu Jumatatu na Alhamisi.

Nguvu yote ya kantangaze imo katika jambo moja, nalo ni kwamba huku kwetu hakosi chakula. Mkoa wa Iringa una msimu mmoja wa mvua, uanzao Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, na lau kilimo chetu kingetegemea mvua peke yake, nondo huyu angekutana na miezi ya njaa kila mwaka. Lakini wazee wa Uhehe na Ubena walikuwa na maarifa ya vinyungu, mashamba madogo ya mabondeni yaishio kwa unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi, na leo humo hupandwa nyanya, tena katika miezi ambayo bei yake ni nzuri. Hekima hiyo imelisha vizazi, wala siitii ila. Ila nasema nondo ameifaidi kuliko sisi. Nyanya za masika zikivunwa, za vinyungu zina maua. Za vinyungu zikizeeka, vitalu vya masika vimekwisha kuchipua. Na katikati yake kuna viazi mviringo, na biringanya, na nyanya chungu, na mnavu tunaouchuma kwa mboga, na mitunguja iotayo yenyewe vichochoroni, yote mimea ya jamaa moja na nyanya, ambayo nondo akikosa chaguo lake la kwanza huweza kujikimu kwayo. Fauka ya hayo, shamba likishachumwa michumo ya mwisho aghalabu huachwa limesimama, kwa kuwa mwenyewe amechoka na fedha imekwisha kupatikana, na shamba hilo lisilo na mlinzi, lenye matunda madogo yasiyouzika, ndilo kitalu cha nondo wa msimu ujao kwa jirani.

Nchi hii imewahi kukabiliana na nondo wa namna hii kwa sheria, wala haikuwa ajabu. Katika ukanda wa pamba, mkulima amekuwa akilazimishwa kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno, kabla ya tarehe iliyowekwa, ili viwavi walao vitumba wakose pa kukaa mpaka msimu mpya. Na katika sehemu za kusini kilimo cha pamba kilipigwa marufuku kabisa miaka mingi, kwa kuchelea kuwa funza mwekundu aliyeko nchi jirani angevuka na kupanda kaskazini. Sheria hizo zilikuwa na ukali wake, na zilitekelezwa mara nyingine bila insafu. Hata hivyo msingi wake ni sahihi: mdudu ategemeaye mimea ya jamaa moja hushindwa kwa kunyimwa mimea hiyo kwa wakati mmoja katika mahali pote awezapo kufika. Mtu mmoja akisafisha shamba lake ilhali jirani kaacha lake, amejitaabisha bure.

Najua nitakalojibiwa. Mama mwenye kinyungu cha robo eka, ambacho ndicho kilipacho karo za watoto na sare zao, ataniuliza ale nini katika miezi nitakayomkataza nyanya, na swali lake lina haki kuliko hoja zangu. Siombi, basi, nyanya zikatazwe kiangazi chote mkoa mzima. Naomba zipokezane bonde kwa bonde: bonde hili lipumzike mwaka huu, likapandwa mahindi mabichi, vitunguu au kabichi, ambavyo kantangaze havimfai, na bonde lile lipande, mwakani wabadilishane. Haba haba ya kila mmoja kupumzika apendapo haitatufikisha, sharti bonde zima likubaliane. Tena chombo cha kukubaliana kipo, kwani jumuiya za watumia maji katika mito yetu zimekwisha kuzoea kugawana zamu za maji, na kutoza faini kwa anayefungua mfereji usiku. Watu wanaoweza kugawana maji, ambayo kwayo ndugu hugombana, hawashindwi kugawana msimu. Kwa mwaka ambao bonde limepumzika, bei ya nyanya za bonde la pili itakuwa nzuri, na hasara ya huyu itakuwa faida ya yule, mpaka zamu igeuke. Wapo watakaovunja ahadi. Kwa hao ipo faini, na walio karibu nao ndio wataijua habari kabla ya afisa ugani.

Sasa nirudi sokoni, kwa sababu hapo ndipo wajibu wetu wa mjini ulipo, na ndipo tunaponyamaza. Nyanya iliyotobolewa, ikitupwa juu ya ardhi nyuma ya soko, haifi pamoja na kiwavi wake. Kiwavi huendelea kula mpaka ashibe, akaingia udongoni, na baada ya siku chache ni nondo, naye nyumba za mji zimezungukwa na bustani za uani. Dawa ya taka hiyo haina gharama ya kutisha: shimo refu lifukiwalo kwa udongo kila jioni, au mfuko mzito wa plastiki uliofungwa mdomo na kuachwa juani siku kadhaa, ambamo joto humuua kiwavi bila tone la sumu. Kuhusu masanduku, yale ya plastiki huoshwa kwa maji na sabuni na hayana nyufa, ijapokuwa bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja. Na yale ya mbao, kama hatuwezi kuyaacha upesi, yawe na mahali pa kusuguliwa na kuanikwa kabla hayajarudishwa mashambani. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao kwa shehena kubwa zitokazo, na sioni kazi iliyo na haki zaidi ya kulipwa na ushuru wa nyanya kuliko kuilinda nyanya yenyewe. Ikiwa sheria ndogo inahitajika, madiwani wa Manispaa ya Iringa na wenzao wa Kilolo na Mufindi wanao uwezo wa kuitunga, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, inao wataalamu wa kuwasaidia maneno yake.

Tatizo lililo gumu zaidi ni kwamba sanduku lina ncha mbili. Tukilisafisha Iringa, likarudi chafu kutoka Dar es Salaam, tumefanya kazi nusu; na mfanyabiashara aliye katikati hana sababu ya kuliosha, maana hasara ya nondo haimfiki yeye, humfika mkulima, na nyanya zikiwa haba bei hupanda, naye hupata. Kwa hiyo masharti yawekwe mahali ambapo yeye hana budi kupita, yaani penye kizuizi cha ushuru, sanduku litakapoingia mkoani: lililo safi lipite, lililo na mabaki lioshwe hapo hapo kwa gharama ya mwenyewe. Wafanyabiashara watalalamika kwa kucheleweshwa, na walalamike; wamesikilizwa miaka mingi kuliko wakulima. Kikao cha kulizungumza jambo hili, cha madiwani, na viongozi wa masoko, na jumuiya za watumia maji, na wenye malori, kifanyike kabla mvua hazijakatika, kwani zikishakatika majembe huwa yameingia vinyunguni, miche iko kitaluni, na hakuna mkulima atakayekubali kuing'oa kwa ajili ya azimio lililochelewa.